Mikono Iliyounganishwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeomba kwa shida. Nikifumba macho naiona simu yangu. Mnakumbuka ndugu yetu aliandika kwenye kundi kwamba Jumamosi anahama, mgongo bado unamsumbua tangu alipoumia kazini, na anaomba watu wawili watatu wamsaidie kupandisha vitu ghorofa ya tatu. Jengo halina lifti. Tulimjibu wengi. Juzi usiku nilirudi nyuma nikahesabu: alama 11 za viganja viwili vilivyokutana. "Tuko pamoja katika maombi, mpendwa." Ya saba ilikuwa yangu.

Hakwenda mtu. Mimi nilikuwa nimelala. Sikuwa mgonjwa, zamu za usiku zilikuwa zimenichosha, nikajiambia wengine watakwenda.

Sasa sikieni Mungu alivyonikamata. Siku chache baadaye, mama mmoja tunayefanya naye kazi hapa Nagoya, Japani, alinialika kwao milimani, Shirakawa-go, mkoa wa Gifu, kwenye sikukuu ya mavuno. Ni karibu saa tatu kwa basi, mahandaki hayaishi, na ukitoka kwenye handaki la mwisho unakuta bonde, mto, mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa na milima inayoanza kuwa myekundu. Huko, kijijini Ogimachi, sikukuu hiyo huangukia tarehe 14 na 15 Oktoba kila mwaka. Watu huandamana na bendera, filimbi na ngoma, vijana wanajifunika kitambaa na kucheza simba, na jioni wote wanakaa kwenye uwanja wa hekalu. Hapo ndipo inapogawiwa doburoku, pombe ya mchele isiyochujwa, nyeupe na nzito kama togwa. Huipika hapohapo hekaluni wakati wa theluji, ikangoja hadi vuli. Akina mama waliovaa aproni nyeupe wanapita wakiwamiminia wageni kwenye vikombe vidogo, na huyo mama yangu alicheka sana nilipofunika changu kwa kiganja.

Najua yupo atakayeniuliza nilifuata nini kwenye hekalu la miungu ya mlima. Sikuinama, sikunywa, sikupiga makofi ya ibada. Paulo naye alipita huko na huko Athene akayatazama mambo ya ibada yao, na alipofungua kinywa alianzia pale alipoyaona. Tukitaka tulizungumze hilo, tulizungumze siku nyingine, maana mwenzenu sikukamatwa na hekalu. Nilikamatwa na mapaa.

Nyumba za kule zina paa la nyasi refu, limesimama wima kiasi kwamba ukilitazama kwa mbele ni viganja viwili vilivyoegemeana vidole juu. Ndivyo linavyoitwa: gassho, mikono iliyounganishwa kuomba. Limejengwa hivyo ili theluji iteleze, kwa sababu kule theluji huanguka nyingi mno. Makombamoyo yamefungwa kwa kamba na fito laini za mti, bila misumari. Mwaka 1995 UNESCO iliviingiza vijiji hivi, pamoja na vya Gokayama jirani, kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Nikasimama pale barabarani nikiitazama ile alama niliyoituma. Ile ile, wapendwa. Ila hii ilikuwa na watu ndani, na moshi unatoka.

Nikamuuliza mzee mmoja, kwa Kijapani changu cha kiwandani, paa kubwa hivi huezekwaje. Akasema neno moja: yui. Nyasi zikichakaa, baada ya miaka 30 au 40, kijiji kizima kinatoka. Watu mia na zaidi wanapanda paa moja kwa pamoja: wengine wanaezua, wengine wanabeba mafungu, wengine wanafunga, akina mama wanapika. Upande mmoja wa paa waweza kumalizika kwa siku. Siku hizi mapaa mengi huezekwa na mafundi wa kulipwa, lakini yui haijafa. Zamani kila nyumba iliweka daftari: fulani alileta mafungu kadhaa, kamba kadhaa, siku kadhaa za kazi, na zamu ya paa lake ikifika anarudishiwa vilevile.

Hapo kwenye daftari nilijiona mtakatifu kidogo. Moyoni nikasema, aa, hawa wanahesabiana. Sisi tunatendeana kwa neema. Roho akaniuliza palepale: neema hiyo imepandisha friji ya nani?

Sikuwa na jibu. Na ninyi mnaosoma, ninaomba mniwie radhi, lakini sidhani mnalo. Tumezoea kumtumia Mungu kama mtu wa kumtuma mahali ambapo hatutaki kwenda wenyewe. Yakobo alikwisha kutuandika: "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," halafu anauliza, yafaa nini? Siku hizi hata hayo maneno hatuyaandiki, tunabonyeza viganja. Msiba, viganja. Mwenzetu kapunguzwa kazini, viganja. Dada yetu kajifungua ugenini hana mama wala shangazi wa kumkanda, viganja, na kopa jekundu juu yake. Kule nyumbani mtu akipata shida watu walifika kwanza, wakaomba wakiwa wamekalia mkeka wake. Tulipopanda ndege tuliyaacha wapi hayo?

Wale wanne wa Marko 2 wangeweza kabisa kubaki nyumbani wakamwombea yule mwenye kupooza. Walimbeba. Mlango ulipowashinda wakapanda juu, wakaitoboa dari ya mwenye nyumba, na ninaamini vumbi lilimwangukia kila mtu. Maandiko hayasemi Yesu alisikia maombi yao. Yanasema aliiona imani yao. Ilionekana kwa sababu ilikuwa na mikono, na mikono ilikuwa imeshika kamba.

Msiache kuomba, mimi mwenyewe nimerudi kuomba. Lakini kabla ya kuomba nilimpigia yule ndugu. Alipokea kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko angenigombeza. Alihama peke yake, safari baada ya safari, akipumzika kila ngazi. Friji aliwalipa watu. Mashine ya kufulia imemshinda. Iko chini, karibu na baiskeli, ameifunika turubai.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi nitakuwa pale kwake. Mashine ile inahitaji watu wanne, na hadi sasa niko mimi. Njooni na glavu, na msinijibu kwa viganja.