Kumenya Korosho Si Kazi Nyepesi: Tulivyodai Ujira Wetu Mtwara

Mtoto wa dada yangu alianza kazi Jumatatu. Jumamosi jioni, kwenye foleni ya malipo, akanipa noti zake nimhesabie, maana ndiyo hela yake ya kwanza ya jasho na mikono ilikuwa inamtetemeka. Elfu arobaini na nane. Mimi niliyemtafutia kazi hiyo, niliyemenya korosho kwenye kiwanda hicho misimu sita, nilikuwa nimeshika elfu ishirini na saba na mia tano. Nikamrudishia zake, nikamwambia, "Kampe mama yako kwanza." Usiku ule usingizi haukuja.

Mtoto sikumchukia. Kazi yake ilikuwa kusukuma toroli, kutoa trei kwenye tanuri na kutuletea mezani. Anatoka jasho kweli. Lakini mwenyewe aliniambia, "Mama mdogo, kuanzia saa saba mpaka saa tisa sisi tunalala juu ya magunia tukisubiri tanuri." Saa hizo mbili alilipwa. Mimi nikinyanyuka kwenda chooni, jioni mizani inanidai.

Wanaume walilipwa kwa siku, elfu nane. Sisi wa kumenya tulilipwa kwa kilo, mia tano kila kilo. Ukitafuta kwenye madaftari ya ofisi huoni palipoandikwa mwanamume apate hiki na mwanamke apate kile. Ila kazi zote za kulipwa kwa siku walipewa wanaume, na za kulipwa kwa kilo tukapewa sisi. Nilikaa misimu sita ndani ya jambo hilo bila kulijua jina.

Niwaeleze kumenya, maana watu wanaona korosho nyeupe dukani wanadhani imezaliwa hivyo. Korosho ikishabanguliwa, yaani ganda gumu likishavunjwa, ile punje inabaki na ngozi nyembamba ya kahawia iliyong'ang'ania mpaka kwenye mkunjo. Inapitishwa kwenye tanuri ngozi ikauke, kisha inaletwa kwetu ikiwa ya moto. Lazima uiwahi. Ikipoa, na Mtwara hii yenye unyevu wa bahari, hasa asubuhi ya mvua ya Januari, ngozi inarudi kunata kama gundi. Unaibana kwa dole gumba na kidole cha shahada, unaisugua kidogo, ngozi inaachia. Palipokataa unatumia ncha ya kisu, lakini ukikwaruza punje imeshuka daraja, na ukibonyeza sana inapasuka katikati. Nzima ina bei yake, kipande kina bei yake, na umbali kati ya bei hizo ni mkubwa. Kazi hiyo unaifanya kwa muda wa saa tisa, shingo imeinama, na waliopitia meza za kubangua wanakuja na vidole vilivyobabuliwa na mafuta ya ganda. Ndiyo kazi iliyoitwa nyepesi.

Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu kwa msimamizi. Nilijiandaa usiku kucha na sentensi moja niliyoisikia redioni siku nyingi: kazi sawa, malipo sawa. Nilikuwa na uhakika nayo kama nauli mkononi. Nikamsalimia, nikaisema. Akanitazama, akaniuliza taratibu, "Mama, wewe unasukuma toroli?" Nikasema hapana. "Unabeba gunia?" Hapana. "Sasa kazi sawa iko wapi? Ninyi mmekaa kivulini, mnapiga soga. Na mnalipwa kwa kilo, anayetaka nyingi amenye nyingi." Sikuwa na jibu. Nikiwa natoka akaongeza, "Halafu hawa vijana wana familia." Mimi ni mjane, nina watoto watatu. Kwenye meza yetu ya watu kumi, sita ndio wanaolisha nyumba zao. Lakini nilikuwa nimeshashindwa kwenye lile la toroli, maneno yakanikauka mdomoni. Kufika saa nne habari ilikuwa imezunguka kiwanda kizima kwamba nachochea watu.

Ushauri niliopewa baada ya hapo bado unanichoma. Shangazi yangu wa Mikindani alisema nivumilie, mwanamke hela yake ni ya chumvi. Ndugu mmoja aliyeko Dar es Salaam akasema niende mahakamani moja kwa moja. Hajui kwamba mgogoro wa kazi unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Jirani akasema tugome kesho yake. Tungegoma siku ile tungefukuzwa wote na jua halijazama, kwa sababu mgomo una taratibu zake kisheria. Wengi walisema, "Ukiona hailipi acha, wapo wanaoitaka." Huo ndio ushauri mbaya kuliko yote. Anayekuja nyuma yangu naye ni mwanamke, atakuta mia tano ileile.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu wa Chikongola, mwalimu mstaafu. Tulikuwa kibarazani tunakula ming'oko, nikamsimulia lile swali la toroli. Akaniambia, "Mwanangu, umeingia na neno pungufu. Sheria haisemi kazi sawa tu, inasema kazi yenye thamani sawa." Akanisomea kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: mwajiri achukue hatua kuhakikisha wanaume na wanawake wanapata ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Akaniambia neno hilo limo katika Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002. Ibara ya 23 ya Katiba, ile ya ujira wa haki, nikaisoma mwenyewe, iko kwa Kiswahili chepesi kabisa. Nililia. Watu walikwishakaa mbali huko, kabla sijazaliwa, wakaliona lile swali la toroli na kulijibu.

Nikaenda kwa afisa kazi. Nilikuwa naogopa kwamba sisi vibarua hatuna mkataba hata wa kipande cha karatasi. Akasema kutokuwa na karatasi hakukuondolei haki, kosa ni la asiyekuandikia. Akanitajia na siku, nanyi zishikeni: ukiachishwa kazi una siku 30 za kufika Tume, madai mengine siku 60. Halafu akaniuliza swali moja: "Ushahidi uko wapi?"

Ndipo nikanunua daftari, la kurasa tisini na sita. Kila jioni kwenye mizani niliandika namba mbili kwa kila mwenzangu: kilo mizani ilizosoma, na kilo karani alizoandika. Ikisoma tisa pointi saba, karani anaandika tisa. Wiki tatu niliandika hivyo. Tulikuwa arobaini kwenye meza za kumenya, na kila mmoja alikuwa anakatwa kwa wastani nusu kilo kwa siku. Kilo ishirini kwa siku, shilingi elfu kumi. Kwa wiki ya siku sita ni elfu sitini, mshahara wa kijana mmoja wa toroli na chenji inabaki. Nilipowasomea wenzangu wakati wa chakula, kina mama waliokuwa wananikwepa walihamia upande wangu siku hiyohiyo.

Kisha bibi mmoja wa meza ya pili akanikumbusha jambo nililokuwa nimelisahau. Mwezi wa kumi na moja vijana wengi walikimbilia mashambani kwao Newala na Tandahimba kuokota korosho, kiwanda kikapwaya. Wanawake watatu wakapewa toroli siku nne. Toroli lilelile, trei zilezile. Wakalipwa elfu tano kwa siku, na walipouliza karani akawajibu, "Hicho ndicho kiwango cha akina mama." Nikaliandika hilo kwenye ukurasa wake peke yake, na tarehe, na majina yao wakatia dole gumba. Hapo lile swali la msimamizi likawa limejibiwa: tulisukuma toroli, na bado tulipunjwa.

Mwenye kiwanda alikuwa anakuja kila baada ya wiki mbili. Alipokuja Alhamisi tulikwenda watano. Nawasihi, msiende mmoja mmoja. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mama. Nasikia mna daftari." Nikamsomea yote. Alisikiliza vizuri, tena zile pointi zilimuudhi hata yeye. Lakini mwisho akarudi palepale: "Mama, kumenya ni kazi nyepesi." Nikamwambia, "Mzee, tupe asubuhi moja. Kesho vijana wakae mezani, sisi tushike toroli. Mchana wapime." Akacheka, akakubali.

Ijumaa saa moja vijana sita wakakaa kwenye viti vyetu, mtoto wa dada yangu akiwemo. Niliapa tusiwafanyie hila hata moja, kwa sababu hila ndogo ingeua jambo lote. Tuliwapa visu vyetu wenyewe vilivyonolewa, na trei tukawafikishia zikiwa za moto. Nusu saa ya kwanza walikuwa wanaimba. Saa mbili na nusu wimbo ulikuwa umekwisha. Trei zinapoa mbele yao, ngozi inagoma, wanaongeza nguvu, punje zinapasuka. Mmoja alijikata kidole. Mtoto wa dada yangu alikuwa anahema kama aliyebeba gunia, akaniambia polepole, "Mama mdogo, macho yanauma." Sisi saa nne tulikuwa tumemaliza trei zote za tanuri, tukakaa juu ya magunia kusubiri mzunguko mwingine.

Saa sita wakapima. Vijana sita kwa pamoja, kilo nane na kidogo. Sisi kila mmoja kwa saa hizohizo humenya kilo nne na nusu hadi tano. Lakini haikuwa mizani iliyomgeuza yule mzee. Aliingiza mkono kwenye beseni lao, akafungua kiganja: karibu nusu ni vipande. Akaenda kwenye beseni letu la jana, akachota, akatandaza. Nzima, nyeupe, zile za W240 na W320, madaraja ya korosho nyeupe nzima, anazouza nje. Akawa anazigeuzageuza kwa kidole bila kusema. Yule ni mfanyabiashara, hakuhitaji mtu wa kumwambia tofauti ile ni shilingi ngapi. Nikasema jambo moja tu: "Mzee, hiyo ndiyo thamani."

Hakutoa jibu siku ile. Tukaandika barua, nakala kwa afisa kazi. Kuchapa, fotokopi na bajaji vilikula kama elfu kumi na kitu, tulichanga mia tano mia tano. Walitia sahihi thelathini na saba. Watatu waliogopa, nami siwalaumu, kila mtu anaijua njaa ya kwake. Barua yenyewe tuliomba mambo manne, na lililobishaniwa zaidi ni la wanaonyonyesha. Sheria inampa mama hadi saa mbili kwa siku amnyonyeshe mtoto, lakini ukilipwa kwa kilo saa hizo unajilipia mwenyewe. Msimamizi alisema tumezidi. Mwenye kiwanda akamwambia anyamaze.

Baada ya wiki mbili tukaitwa. Sasa kumenya kilo nane ni elfu nane, sawa na siku ya toroli. Inayozidi nane inalipwa mia tano kwa kilo, na pointi zinahesabiwa. Anayenyonyesha anafikisha kilo sita na anapata siku yake nzima. Toroli lina bei moja, yeyote alishike, na wale watatu walirudishiwa elfu tatu kwa kila siku kati ya zile nne. Hiyo mia tano ya kilo za juu sijaikubali: kilo ya tisa inamenywa na vidole vilevile vilivyochoka zaidi, kwa nini iwe nusu ya bei? Nimeshamwambia, na nitamwambia tena.

Jumamosi ya kwanza nilipokea elfu hamsini na moja na mia sita. Nilimpa mtoto wa dada yangu anihesabie. Alihesabu mara mbili.

Wamebaki wafagiaji, wanawake watupu, wanaokusanya maganda na kuosha sakafu, wanalipwa elfu sita kwa siku. Wameambiwa kazi yao ni nyepesi. Daftari lao tulilinunua Jumatatu, na anayeliandika ni binti wa kidato cha nne mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu.