Mguu wa Stuli

Mwezi wa tisa, Tabora jua likiwa kali, nilikuwa uani kwa mama nikimalizia stuli ya miguu mitatu, kila mguu umepinda kama pembe ya ng'ombe. Mbao ilikuwa mninga mkavu, inchi 2 kwa 6. Nilichora mguu kwenye hadibodi, nikaupitishia penseli juu ya mbao, nikakata, nikasawazisha kwa tupa. Ndimi, zile ncha za miguu, ziliingia kwenye matundu ya kikalio bila kucheza. Mama alisema stuli imesimama kama mnyama anayetaka kuondoka.

Jioni akaja mjomba, akakaa. Ka!

Mguu mmoja ulikatika kwenye mpindo. Haukuchanika, ulikatika safi kama muhogo mkavu. Nilipouokota nikaona: nyuzi za ile mbao zilinyooka, mchoro wangu ukazikata katikati. Kwenye mpindo zilibaki nyuzi fupi zinazoshikana kwa ubavu tu, na ubavuni mbao haina nguvu hata iwe nene.

"Mjomba, wewe umekata picha, mti hukuuangalia," aliniambia huku akijipangusa vumbi.

Ningeweza kutafuta tawi lililopinda lenyewe, maana humo nyuzi hufuata mpindo. Au nichonge kitu chote kwenye gogo moja, kama viti vya zamani vya watemi wa Kinyamwezi, ila gogo bichi likikauka haraka hupasuka. Nikaamua kupinda vipande vyembamba na kuvibandika pamoja, ili nyuzi zifuate mpindo.

Fundi wa mashine ya mduara alinipasulia vipande vya milimita 3. Meno ya msumeno nayo yalikula karibu milimita 3 kila mara, kwa hiyo nusu ya mninga wangu iliishia kuwa unga, na unga huo hupigisha chafya siku nzima. Vile vya milimita 5 nilivyojaribu mwanzoni vilivunjika vilipopindwa.

Kalibu, yaani umbo la kupindia vipande, niliitengeneza kwa mabaki ya mbao. Gundi nyeupe kila uso, vipande 12 kwa mguu. Klampu nilikuwa nazo nne tu, basi palipobaki nilizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, nikivuta kwa nguvu hadi gundi ikatoka pembeni. Mguu wa kwanza niliuanika juani ili ukauke upesi. Kosa. Gundi ile hulegea kwenye joto, vipande vikateleza kimoja juu ya kingine. Wa pili niliuacha ndani saa 24, lakini nilipoufungua ukajinyoosha kidogo, karibu nusu inchi nchani. Ilibidi niikaze kalibu, ipinde zaidi ya umbo ninalolitaka, ndipo nikatoa miguu mitatu inayofanana. Kisha tupa, msasa namba 80, 120, 220, na vanishi mikono mitatu.

Mjomba aliporudi aliipindua stuli kwanza, akahesabu vipande vya mguu kwa ukucha hadi 12. Ndipo akakaa, taratibu.