2 na 4, halafu?

Kuna dogo jirani yangu hapa Sinza anasoma PCM (fizikia, kemia na hesabu), jana jioni kaniletea swali: tafuta namba nzima chanya mbili tofauti, moja iwe chini nyingine iwe pawa, ukizibadilisha nafasi jibu libaki lile lile. Mwenyewe alishapata, 2 na 4, maana 2 pawa 4 ni 16 na 4 pawa 2 ni 16. Nikamuuliza umejuaje hakuna nyingine? Hapo ndo swali lenyewe linapoanzia, na mi nimelala nalo.

Ukichukua logi (logarithimu) pande zote unabaki na kitu kimoja tu: logi ya namba igawanywe kwa namba yenyewe, na namba zote mbili zitoe jibu sawa. Chora grafu yake sasa. Inapanda mpaka kwenye e, ile namba maarufu ya hesabu, 2.718 na kuendelea, halafu inaanza kushuka polepole kama daladala inayotafuta abiria, haipandi tena. Kwa hiyo zikiwa mbili tofauti lazima moja ikae kushoto kwa e, kati ya 1 na e, nyingine kulia. Na namba nzima kati ya 1 na 2.718 ni ipi? Ni 2 peke yake! Mwenzake ni 4, kwisha habari. Aisee nilisimama kabisa, hakuna kujaribu namba moja moja mpaka uzeeke.

Ila ukiruhusu namba za sehemu, kama 3/2, mlango unafunguka. Sema ya pili ni ya kwanza mara t, ukirahisisha inabaki ya kwanza pawa t kutoa 1 ni sawa na t. Weka t ni 2 unarudi kwenye 2 na 4, weka 3/2 unapata 9/4 na 27/8, weka 4/3 unapata 64/27 na 256/81, na ukiendelea hivyo haziishi, moja inapanda nyingine inashuka zote zinaikimbilia e. Mwanahisabati Daniel Bernoulli alishamwandikia mwenzake Goldbach barua kuhusu haya mwaka 1728, bila kalkuleta wala nini, mi hilo linanigusa sana.

Na hasi nazo zimo, -2 na -4 zinakubali, pawa zote ni shufwa kwa hiyo alama ya kutoa inapotea na unapata 1/16 kote kote.