Lodi imefika 9, prosesa imelala: nilivyoongeza diski kwenye RAID 5

Ofisini tunahariri video za harusi, na video za harusi hazijui huruma, zinajaza tu. Seva yetu ni kompyuta ya kawaida ya kori 4, Linux, diski tatu za TB 4 kwenye RAID 5 (diski zilizounganishwa ziwe kama moja) ya mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID. Nafasi ya diski moja inaliwa na pariti, data ya akiba ya kurudishia vitu diski moja ikifa, yaani zinabaki TB 8 za kutumia. Zikajaa. Alhamisi jioni watu wakishaondoka nikachomeka diski ya nne, nikapiga mdadm --add, halafu mdadm --grow /dev/md0 --raid-devices=4 ili data isambazwe upya kwenye diski nne, bakapu nilishaitoa pembeni mapema maana mimi na diski hatuaminiani kihivyo.

Kilichoniponza ni haraka. Nacheki /proc/mdstat, faili linaloonyesha kazi imefika wapi, inaniambia siku moja na ushee, nikakumbuka jamaa mmoja aliwahi kunambia eti pandisha speed_limit_min, spidi ya chini ya kazi hiyo, basi nikaitoa 1000 nikaweka 100000, nikaenda kulala.

Asubuhi simu: "Kaka, video zinaganda, hata folda haifunguki." Nafika, nafungua top, programu ya kuonyesha mashine inafanya nini, lodi (wastani wa kazi zilizo kwenye foleni) 9 na pointi kwa kori 4! Nikajua prosesa imezidiwa na hesabu za pariti, na fundi wangu bila hata kuiona mashine keshanitajia bei ya prosesa nyingine.

Ila nilivyotuliza macho nikaona ile md0_raid5, kazi yenyewe ya RAID, inakula kama robo ya kori moja tu, huku wa, yaani muda prosesa inakaa bure ikisubiri diski, iko juu ya asilimia 60. Kumbe kwenye Linux lodi haihesabu tu kazi zinazotumia prosesa, inahesabu na zile zilizokwama zikisubiri diski, zile zenye herufi D. Prosesa ilikuwa inapiga miayo. Pariti ya RAID 5 ni XOR tu, hesabu nyepesi ya kulinganisha biti, hiyo kwake ni karanga, foleni iko kwenye diski, kila kipande kisomwe, kipangwe upya kwenye diski nne, kiandikwe, na wakati huohuo mhariri naye anataka video yake.

Na foleni hiyo niliitengeneza mwenyewe. Ile min ndo spidi ambayo md, sehemu ya Linux inayoendesha RAID, haikubali kushuka chini yake hata kama wengine wanazitaka diski, inahesabiwa kwa KB kwa sekunde kwa kila diski, na diski zangu kwenye kazi hii zilikuwa zinacheza kwenye MB 40. Kwa hiyo ilikimbia usiku kucha, na asubuhi haikupisha mtu kabisa!

Nikarudisha 1000, dakika haikuisha video zikaanza kucheza. Raha yake, watu wakienda kula mchana inakimbia yenyewe, wakirudi inapisha. Usiku ndo nikapandisha min, na stripe_cache_size, nafasi ya RAM ambayo md inapangia vipande, nikaitoa 256 nikaweka 4096, inakula RAM kama MB 64 kwa diski nne, si kitu, ikasogea kidogo.

Jumamosi jioni ikamaliza. Napiga df kuona nafasi, bado ni ileile ya zamani, moyo paa, kumbe sijapiga resize2fs, amri ya kupanua mfumo wa faili uitumie nafasi mpya.