Sahihi ya mdogo wangu

Leo tumeshinda steshenari ya hapa mtaani na mdogo wangu, kisa picha na sahihi tu. Anaomba kazi serikalini, mwisho wa maombi leo saa sita usiku, akipita ndo anaitwa kwenye usaili wa kuandika.

Picha ya simu ilikuwa MB 4, mfumo ukaikataa. Tukaipunguza mpaka KB 80 sura ikawa ukungu mtupu. Ikabidi tupige upya, kasimama kwenye ukuta mweupe akiangalia mlangoni ili mwanga umpige usoni, tukakata pembeni kwanza ndo tukapunguza, ikakubali.

Sahihi sasa.

Karatasi nyeupe isiyo na mistari, peni nyeusi. Mara ya kwanza mkono unatetemeka, ya pili hivyo hivyo, nikamwambia dogo tulia, saini kama unavyosaini siku zote.

Ilivyotoka kwenye skana nikaikuza, nikanyamaza.

Ule mkia wa herufi ya mwisho, unaorudi nyuma ukapita chini ya jina lote, ni wa mzee kabisa. Ndo alivyokuwa anasaini ripoti zetu za shule. Mzee katutoka huyu yuko darasa la pili, na hakuna aliyemfundisha, nimemuuliza kasema hata hakujua.

Tumetuma saa tatu usiku. Ile karatasi nimeikunja, nimeiweka kwenye Biblia ya mama.

Mniombeeni mdogo wangu jamani. Na nyie, sahihi zenu mlizitoa wapi?