Nilivyoacha kuiogopa herufi Q

Kila Jumapili jioni mimi na binamu yangu hucheza Scrabble ya Kiingereza, mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi zenye alama, na kwa muda mrefu niliihesabu herufi Q kuwa mkosi. Katika mfuko wa vigae 100 iko moja tu, nazo U, ambazo kwa kawaida huiandama katika tahajia ya Kiingereza, ni nne. Atakayebaki nayo mchezo ukiisha hukatwa alama 10, ambazo ndizo thamani ya herufi hiyo.

Jioni moja nilijikuta na A, E, I, O, U, Q na S. Nilipoona irabu zote tano zimenikusanyikia, nilikata tamaa, nikarudisha vigae vitano mfukoni na kupoteza zamu. Usiku, nikiwa kitandani, neno likanijia: "sequoia", mti mrefu wa California, unaotumia herufi zile zile saba bila kubakisha hata moja. Anayetandaza vigae vyake vyote saba kwa mkupuo huongezewa alama 50, hivyo nilikuwa nimezitupa alama zisizopungua 66, na mahali pa kuliweka palikuwapo.

Tangu hapo siutafuti tena mwanzo wa neno kwanza. Nautafuta mkia: nikiwa na I, N na G nazisogeza kulia, au E na D, kisha nazitazama zilizobaki kama mzizi. Kwa sisi tuliozoea kulichambua neno kama "walimpikia" kiambishi kwa kiambishi tangu shuleni, hilo si geni hata kidogo. Mkia usipopatikana, natazama herufi zilizokwisha kuwekwa ubaoni, kwa sababu neno la herufi nane huhitaji kuazima moja tu. Mwenye A, E, I, N, O, Q na U akiona T yenye nafasi ya kutosha pande zote mbili, anayo "equation".

Lakini furaha yangu kubwa ni Q isiyo na U. Kamusi ya Collins inayotumiwa katika mashindano mengi nje ya Marekani imesheheni maneno ya asili ya Kiarabu, na mengi kati yake sisi tunayo nyumbani, ila tumeyaandika kwa K. Kibla ni "qibla", talaka ni "talaq", wakfu ni "waqf", nikabu ni "niqab", tarika ni "tariqa". Hata ile ala ya nyuzi nyingi inayosikika katika taarabu ya Unguja imo, kwa jina la "qanun". Nasikitika kwamba nilicheza miaka yote hiyo nikidhani kwamba Kiswahili hakina msaada wowote kwenye ubao ule, ilhali mengi ya maneno hayo nilikuwa nikiyasikia tangu utotoni, msikitini na harusini. Sasa nina daftari ambamo kila ninapokutana na neno letu la Kiarabu lenye K, nalitafuta katika kamusi ile kwa Q, na likiwa fupi naliongezea S ya wingi ili nione kama litafika herufi saba.

Mwezi uliopita niliweka "qasidas", yaani kasida zaidi ya moja. Binamu yangu alilipinga, akafungua kamusi, akasoma kimya kwa muda, kisha akaandika alama zangu.