Ngazi, siku ya jana na simu ya mkononi: furaha hupimwaje?

Kila mwaka ifikapo Machi, Ripoti ya Furaha Duniani inapotolewa, mabishano hurudi yale yale. Finland imeshika nafasi ya kwanza tangu 2018, ilhali Tanzania huonekana karibu na mkia (mwaka 2019 ilikuwa ya 153 kati ya nchi 156), na watu huuliza kwa hasira inakuwaje nchi yenye ngoma, harusi na utani kiasi hiki iambiwe haina furaha. Naona hasira hiyo imekosa shabaha, kwa kuwa wengi wa wanaobishana hawajalisoma swali lenyewe ambalo majibu yake ndiyo yanayozipanga nchi.

Swali hilo lilibuniwa na mwanasaikolojia wa Marekani, Hadley Cantril, aliyelieleza katika kitabu chake cha 1965. Mhojiwa huambiwa afikirie ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10, juu kabisa yakiwa maisha bora kuliko yote anayoweza kuyapata na chini kabisa maisha mabaya kuliko yote, kisha aseme kwa sasa amesimama wapi. Furaha haitajwi hata mara moja. Kinachopimwa ni hukumu ya mtu juu ya maisha yake, na katika hukumu hiyo ada ya shule, mavuno na umbali wa zahanati huweza kuwa na uzito kuliko vicheko vya jana jioni. Mtu wa kipandio cha tatu anaweza kucheka kutwa nzima bila kujipinga.

Anayetaka kupima vicheko hivyo hana budi kutumia njia nyingine. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba wanawake 909 wenye ajira, huko Texas, waigawe siku ya jana katika matukio, kisha waeleze kila tukio lilianza na kwisha saa ngapi, walikuwa wapi, na nani, na walijisikiaje. Matokeo yalizua gumzo: kutunza watoto kulipata alama za chini kuliko kutazama televisheni. Sidhani kwamba kina mama hao walikuwa waongo. Ukimuuliza mzazi kwa jumla atakujibu kwa upendo, ukimuuliza juu ya saa moja usiku atakumbuka kilio na vyombo vichafu.

Namna ya kuuliza ndiyo iliyozaa pia ubishi kuhusu fedha. Mwaka 2010 Kahneman na mwanauchumi Angus Deaton walitangaza kwamba nchini Marekani hisia njema za kila siku haziongezeki kipato cha kaya kikishavuka takriban dola 75,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 mtafiti wa furaha Matthew Killingsworth, aliyewauliza watu kupitia simu zao, kwa nyakati zisizotabirika, wanajisikiaje wakati huo huo, hakuuona ukomo huo. Badala ya kurushiana maneno, Kahneman na Killingsworth walikaa pamoja, mwanasaikolojia Barbara Mellers akiwa mpatanishi, na mwaka 2023 wakachapisha jibu: ukomo upo, lakini kwa asilimia 20 hivi ya watu wenye furaha ndogo kuliko wengine. Maswali ya 2010 yalikuwa ya ndiyo au hapana, na kwa kuwa wengi walijibu ndiyo, yaliweza kuwatambua wenye huzuni lakini hayakuweza kumtenganisha mwenye furaha ya wastani na mwenye furaha tele.